Huzuni Isiyomlaza Mtu Kitandani

Madhali wengi wetu wa mwambao wa Mtwara, tangu Mikindani hata Msimbati na mlango wa mto Ruvuma, humhesabu mgonjwa kuwa ni yule aliyelala, aghalabu hutupita maradhi yamwachayo mtu akitembea: sonona hafifu ya muda mrefu, ambayo matabibu wa Marekani waliiorodhesha mwaka 1980 kwa jina la disthimia, na ambayo alama yake kuu si ukali bali ni kudumu.

Kwa mtu mzima hutambulikana ikiwa ghamu imemwandama siku nyingi kuliko zisizo nayo, kwa muda usiopungua miaka 2, pamoja na dalili kama uchovu, usingizi ulioharibika, kukosa hamu ya chakula, kujidharau na kukata tamaa.

Mtazame mama wa Msimbati ambaye maji ya bamvua yakikupwa hushuka mwambani kutafuta pweza, akarudi, akauza, akapika, akawapakulia wanawe, naye akala matonge mawili pasipo kuonja ladha, kisha akaamka kabla ya adhana ya alfajiri akiwa hoi kana kwamba hakulala. Jirani husema ndivyo alivyoumbwa. Naye, kwa kuwa haikumbuki tena siku aliyokuwa vingine, huafiki. Hapo ndipo penye hatari, kwani maradhi yakishadhaniwa kuwa hulka hapana ayatafutiaye dawa, ilhali sonona kali yaweza kumzukia juu ya ile hafifu, ikamfikisha kutamani mauti.

Asili yake si uvivu wala upungufu wa imani, bali ni mchanganyiko wa urithi, taabu za utotoni, misiba na dhiki isiyokoma. Tabibu hupima kwanza damu na tezi ya shingo, kwani kasoro zake huleta uchovu kama huo; kisha huagiza mazungumzo ya mpango, ama dawa kama fluoksetini, ambayo hailevyi, lakini nafuu yake huchukua majuma kadhaa.

Huko Harare, tangu mwaka 2006, Daktari Dixon Chibanda amewafundisha akina bibi kuketi na wagonjwa kwenye mabenchi ya zahanati na kuwasaidia kutatua shida zao moja moja, na utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulidhihirisha kuwa dalili zao zilipungua. Nasi tuna mabaraza, na tuna makungwi waliozoea kusikiliza na kusitiri. Kilichobaki ni kuwapa elimu hiyo.

Basi jamaa yako akikosa furaha mwaka hata mwaka, usimwambie ajikaze; mwulize imeanza lini, kisha umsindikize zahanati.