Magazeti ya Sinema za Kutisha si ya Kufungia Karanga

Huenda chini ya kitanda cha baba au mjomba wako lipo sanduku la bati lililojaa magazeti ya zamani ya sinema. Kwenye jalada la mojawapo ametokeza mtu mwenye meno marefu na manyoya usoni: binadamu ageukaye mbwamwitu mwezi unapokuwa mpevu. Wengi husema huo ni uchafu, na kesho yake kurasa hizo hufungiwa karanga sokoni. Kabla hujafanya hivyo, yafaa uyatazame upya.

Mapenzi ya magazeti ya picha si mageni kwetu. Katika miaka ya mwisho ya 1960, vijana wa Afrika Mashariki walisoma kwa hamu African Film, gazeti la hadithi za picha za mpelelezi Lance Spearman. Hapa nchini Faraji Katalambulla, mwandishi wa Simu ya Kifo, alitoa Film Tanzania. Nakala moja ilipita mikononi mwa wasomaji wengi, ikachakaa.

Huko Marekani, Famous Monsters of Filmland lilianza mwaka 1958, na Fangoria likafuata mwaka 1979. Kazi yao kubwa ilikuwa kufichua siri za mafundi. Katika filamu The Wolf Man ya mwaka 1941, fundi Jack Pierce alimbandika mwigizaji Lon Chaney Jr. manyoya ya yaki, ng'ombe wa milima ya Asia, kidogo kidogo kwa gundi. Katika An American Werewolf in London ya mwaka 1981, Rick Baker alitengeneza viungo vya bandia vilivyorefuka mbele ya kamera, akapata tuzo ya Oscar ya upambaji mwaka 1982. Mpenzi wa sinema aliyetoka Majestic, mjini Tanga, hakuweza kuirudisha picha nyuma aichunguze. Mwenye gazeti aliweza kulifungua tena na tena, mpaka akamwona mtu aliye ndani ya mnyama.

Somo hilo si dogo kwetu. Shaaban Robert, mzaliwa wa Tanga, alisimulia katika Adili na Nduguze habari za ndugu waliogeuzwa manyani, nasi tukafurahia hekima yake. Lakini Singida, katika miaka ya 1946 na 1947, hofu ya simba-watu haikuwa hadithi. Watu waliuawa kana kwamba wameraruliwa na simba, na binadamu wakafikishwa mahakamani kwa mauaji hayo. Tena wazee wetu, hasa akina mama, wameuawa katika mikoa mbalimbali kwa tuhuma za uchawi tu. Mtoto aliyefundishwa kuuliza, "Manyoya haya yamebandikwaje?" hatakuwa mwepesi wa kumnyoshea bibi kidole.

Basi tuyatunze. Kwa jamaa wanaoishi Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, kazi hiyo yataka bidii zaidi. Mvua na unyevu unaostawisha iliki na chai ni adui wa karatasi. Liinue sanduku juu ya matofali au mbao, mbali na ukuta, ili mchwa wasilifikie. Siku kavu yatoe magazeti yapate hewa kivulini, kwani jua kali huzifubaza rangi. Pini zilizoshika kutu zichomoe polepole, kisha uzishone kurasa kwa uzi. Usiyafunge katika mfuko wa plastiki yakiwa na unyevu, yataota ukungu. Andika katika daftari jina, namba na mwaka wa kila toleo.

Kisha, jioni moja, waite watoto mezani, mfungue pamoja. Waache waogope kwanza; halafu waonyeshe gundi.