Omakase: Sushi Anayoichagua Mpishi

Katika mikahawa ya sushi ya hali ya juu jijini Tokyo, hasa mtaa wa Ginza, mteja haletewi orodha ya vyakula. Humwachia mpishi aamue samaki gani waliwe na kwa mfuatano upi. Utaratibu huo ndio omakase. Viti ni vichache, mara nyingi kumi au pungufu, vimepangwa mbele ya kaunta ya mbao, na mpishi hukata na kufinyanga papo hapo huku mteja akitazama.

Sushi hii, tonge la wali lenye samaki juu, ilianzia Edo, jina la zamani la Tokyo, katika miaka ya 1820, na anayetajwa sana kuwa mwanzilishi wake ni Hanaya Yohei. Ilikuwa chakula cha vibandani, cha watu wenye haraka. Majokofu hayakuwapo, kwa hiyo samaki walitiwa chumvi, siki au mchuzi wa soya wasiharibike. Leo majokofu yapo, lakini mbinu zile zimebaki, kwa sababu ya ladha.

Ndiyo maana anayedhani analipia samaki mbichi tu hajaielewa bei. Kohada, samaki mdogo wa jamii ya dagaa, hupasuliwa, hutiwa chumvi, hulowekwa kwenye siki, kisha huachwa mpaka akolee. Jodari huweza kuhifadhiwa kwenye baridi siku kadhaa kabla ya kukatwa. Katika mkahawa wa Sukiyabashi Jiro, pweza hukandwa kwa mikono dakika 40 hivi au zaidi kabla ya kuchemshwa, ili alainike. Na wali, ambao mgeni huusahau, ndio wapishi huubishania zaidi: siki ipi, chumvi kiasi gani. Huliwa ukiwa na uvuguvugu wa mwili wa binadamu. Ukipoa, tonge limeharibika.

Mfuatano hutofautiana, ila kwa kawaida samaki wa nyama nyeupe hutangulia. Jodari hufuata, kuanzia nyama nyekundu isiyo na mafuta hadi ile ya tumboni inayoyeyuka mdomoni. Mkunga aliyepikwa na kupakwa mchuzi mtamu huja karibu na mwisho, pamoja na kimanda, ambacho kwa wengi ndicho kipimo cha mpishi.

Mpishi huwa ameshapaka soya kwa brashi, kwa hiyo hakuna haja ya kuchovya tena. Tonge huliwa mara moja linapowekwa; kutumia vidole si utovu wa adabu. Tangawizi ya siki ni ya kusafisha kinywa kati ya tonge na tonge, haiwekwi juu ya samaki. Manukato makali hayatakiwi, kwani humharibia hata jirani ladha. Naye mpishi humchunguza mteja: Jiro Ono, mwenye mkahawa wa Sukiyabashi Jiro aliyezaliwa 1925, alipogundua mteja anatumia mkono wa kushoto alibadilisha upande wa kumwekea tonge.

Kwake Jiro matonge yapatayo 20 yanaweza kwisha ndani ya nusu saa, jambo linalowashangaza wageni wakikumbuka bei. Barack Obama alikula hapo mwaka 2014 na Shinzo Abe, Waziri Mkuu wa Japani wakati huo. Mwaka 2019 mkahawa huo, uliokuwa na nyota tatu, uliondolewa kwenye kitabu cha Michelin kwa sababu haukuwa ukipokea tena maombi ya nafasi kutoka kwa watu wa kawaida. Kwingineko nafasi huombwa mapema, mara nyingi kupitia hoteli, na asiyetokea huweza kutozwa. Bakshishi haitolewi.