Mayonaizi bila yai: maji ya dengu uliyokuwa unamwaga

Wadau, mimi nauza chipsi. Siku moja mama mmoja, mteja wangu wa kila wiki, alinipigia: "Dada, mtoto ametapika usiku kucha. Ile mayonaizi yako ina nini?" Sijui kama ilikuwa yenyewe. Ila nilijua natumia kiini kibichi na umeme ulikatika mchana kutwa. Nilimwaga ndoo nzima.

Kiini kazi yake ni kuyashika mafuta na siki visiachane. Maji yaliyochemshia dengu (zile za unga wa bajia) yanaiweza, maana dengu huachia protini na wanga ndani yake. Mfaransa Joël Roessel ndiye aliyeonyesha mwaka 2014 kwamba maji ya namna hii yanaumuka povu kama ute wa yai.

Loweka dengu usiku, mwaga maji hayo, chemsha kwa maji mapya mpaka ziive kabisa. Ziache zipoe humohumo, kisha chuja. Hapa ndipo nilipoharibu mara ya kwanza: nilitumia maji mepesi vilevile, nikapata supu ya mafuta! Yarudishe jikoni yapungue mpaka yavutike kama ute wa yai, halafu yapoe.

Kwenye blenda weka vijiko 3 vya chakula vya maji hayo, siki kijiko 1 cha chakula, haradali kijiko 1 cha chai, na chumvi. Washa, mimina mafuta kikombe 1 polepole, mwanzo tone kwa tone. Ukiwa na haraka, nunua tu ya dukani. Rangi ni nyeupe. Mimi natia manjano kidogo sana.

Yakijitenga usimwage, hiyo ni hela. Weka kijiko cha maji ya dengu kwenye blenda safi, washa, rudishia ule mchanganyiko kidogo kidogo.

Msitegemee faida kubwa, maana mafuta ndiyo yanakula mtaji, siyo yai. Na kukosa yai hakuifanyi ivumilie joto: siki usipunguze, weka kwenye friji, tengeneza ya kuisha upesi.

Yule mama amerudi. Ila kabla sijamwekea, lazima aulize: "Ya dengu?"