Mji Mkongwe: Kampuni ya kuimarisha majengo ianze na ukaguzi, siyo saruji

Desemba 25, 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib pale Forodhani iliporomoka huku mafundi wakiwa kazini kuikarabati. Watu wawili walifariki. Jengo hilo lilijengwa mwaka 1883 enzi za Sultan Barghash, na mwaka 2012 kipande chake kilikuwa kimeshaanguka.

Kwa anayefikiria biashara ya kuimarisha majengo Unguja, somo ni hili: jengo la zamani huanza kuonesha dalili mapema. Kampuni inayozisoma dalili hizo mapema inaokoa maisha, na inapata kazi nyingi kuliko inayosubiri kuitwa ukuta ukishalala.

Nyumba inaharibikaje?

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Dari zinabebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vingi ni virefu na vyembamba.

Adui mkubwa ni maji. Bati likitoboka au mfereji ukiziba, mvua inashuka ndani ya ukuta. Ncha ya boriti iliyojificha ukutani inaoza, mchwa wanamalizia. Boriti hizo ndizo zinazosaidia kushika kuta pamoja, kwa hiyo zikiachia, ukuta unaanza kuvimba kuelekea nje.

Saruji inakosea wapi?

Plasta ya saruji inavutia: inakauka haraka na inaonekana imara. Lakini inafungia unyevu ndani, wakati chokaa inauruhusu utoke. Nondo za kawaida nazo, kwa chumvi hii ya bahari, zinashika kutu. Kutu inavimba na kupasua jiwe. Ukilazimika kufunga ukuta kwa chuma, tumia kisichoshika kutu.

Kampuni ifanye nini?

1. Iuze ukaguzi kwanza. Ada ndogo, ripoti yenye picha, kazi zigawanywe: za leo, za mwaka huu na zinazoweza kusubiri. Mwenye nyumba akitajiwa gharama yote kwa mkupuo anakimbia. Akiambiwa aanze na bati na mifereji, analipa.

2. Iweke mkataba wa matunzo. Ziara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Kampuni inapata kipato cha uhakika, na ufa unaonekana ukiwa bado mdogo.

3. Iwe na chokaa na mafundi wake. Chokaa nzuri hurowekwa wiki kadhaa kabla ya kutumika, na fundi anayeijua hapatikani kila kona. Mwenye shimo lake la chokaa na vijana anaowafundisha hakwami katikati ya kazi.

4. Ifuate kibali mapema. Mji Mkongwe upo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, na una mamlaka yake ya hifadhi iliyoanzishwa 1985. Ukianza kazi bila kibali unaweza kusimamishwa, mafundi wakibaki wanasubiri.

Mteja ni nani?

Hapa ndipo wengi wanakwama. Nyumba inaweza kuwa ya serikali, ya wakfu au ya warithi kumi, wengine wako Dar es Salaam, wengine Muscat. Kabla ya kupiga hesabu, ulize: nani anasaini, na nani analipa? Warithi wateue mtu mmoja kwa maandishi.

Kuna kazi pia za kukataa. Mwenye nyumba akitaka upake rangi juu ya ukuta uliovimba ili apangishe msimu wa watalii, usiipokee. Mpaka rangi analipwa mara moja, lakini familia ya mpangaji inalala chini ya dari hiyo kila usiku.