MKINDU WA RUFIJI WATAKA DAFTARI

Mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili la wazee latuhusu katika jambo la mkindu, mti wa porini ambao majani yake machanga huwapatia ukindu akina mama wasukao mikeka huko Kibiti na katika delta ya Rufiji.

Atazamaye kando ya mto hudhani mikindu haina mwisho. Lakini mkindu huchipua mashina mengi kutoka mzizi mmoja. Kichaka kizima chaweza kuwa mti mmoja tu. Tena kuna wa kiume na wa kike, na pasipo wote wawili hapana mbegu. Basi kuhesabu mashina si kuhesabu miti.

Elimu ya leo ina njia. Katika vinasaba vya kila mti mna vipande vifupi vinavyojirudia kama kiitikio cha ngoma, na idadi ya marudio hutofautiana. Kwa alama hizo hujulikana mti upi ni ndugu wa upi. Mwaka 2004 wataalamu walitangaza alama za namna hii za mtende, zikafaa hata kwa jamaa zake. Na mkindu ni wa ukoo huo.

Tangu Desemba 2022, bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kujazwa, maji ya Rufiji yana mlinda mlango. Twasema: daftari la mkindu liandikwe sasa, na msukaji ajuaye kila kichaka awe wa kwanza kuulizwa.