Mishipa Inayojitokeza Jichoni Baada ya Vena ya Retina Kuziba
Vena ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inapoziba, damu hukwama na uoni hufifia ghafla, kwa kawaida katika jicho moja na bila maumivu. Walio hatarini zaidi ni watu wenye umri mkubwa, hasa wenye shinikizo la juu la damu, kisukari au glakoma.

Katika miezi inayofuata, mwili hujitafutia njia. Vimishipa vidogo vilivyokuwapo tangu awali hutanuka na kuipitisha damu kando ya kizibo, mithili ya maji ya mfereji uliozibwa. Michepuko hiyo kwa kawaida haivuji wala haihitaji matibabu. Kuichoma kwa leza ni kuibomoa njia ambayo jicho limejitengenezea.

Hatari iko kwingine. Retina iliyokosa oksijeni hutoa kemikali inayochochea kuota kwa mishipa mipya, dhaifu, inayovuja na kutoka damu. Ikiota mbele ya jicho, kwenye sehemu yenye rangi inayozunguka mboni, huziba njia ya majimaji na kuleta glakoma kali. Madaktari huiita glakoma ya siku 100, kwa kuwa mara nyingi hujitokeza takriban miezi mitatu baada ya vena kuziba.

Mishipa ya aina hizi mbili yaweza kufanana. Mgonjwa hudungwa rangi ya fluoresini mkononi, kisha jicho hupigwa picha: mishipa mipya huvujisha rangi, michepuko huihifadhi. Ndiyo maana mgonjwa huitwa kliniki mara kwa mara katika miezi ya mwanzo, hata kama jicho halimuumi.