Somo la Redio: Mbwa Anayelamba Miguu

Msimamizi wa darasa, andika ubaoni neno la leo: KULAMBA. Wote someni: ku-la-mba. Vema.

Kila mbwa hulamba miguu yake. Akirudi shambani na tope hujisafisha, kisha hulala. Huo si ugonjwa. Lakini yuko mbwa anayelamba mchana kutwa, tena mguu ule ule, hata manyoya yakatoka na ngozi ikawa nyekundu. Watu wengine humpiga. Wanamwonea, maana hawezi kusema, "Naumwa hapa."

Kabla hujamshika, mwangalie kwanza. Je, amebadilika tabia? Anatokwa na mate mengi? Juzijuzi aliumwa na mbwa mwingine? Basi usimguse, huenda ana kichaa. Akikuuma, au mate yake yakiingia kwenye mchubuko, osha pale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku ile ile upate chanjo. Usingoje kuugua; dalili zikianza, mtu haponi.

Kama ni mbwa mtulivu, inua mguu, utazame kati ya vidole. Waweza kukuta mwiba, kupe au kidonda. Nanyi mnaosikiliza Berega, upande wa Kilosa, kiangazi vumbi linapojaa uani, tafuteni pia funza: kivimbe cheupe chenye kitone cheusi katikati.

Funza jike hujichimbia ndani ya ngozi, akavimba kwa mayai. Mayai huanguka vumbini, wakatoka funza wengine. Mdudu huyu si mwenyeji wetu. Alitoka Amerika ya Kusini, akafika Angola kwa meli mwaka 1872, na kabla ya mwaka 1900 alikuwa amekwisha fika pwani yetu. Sehemu ya safari hiyo alibebwa miguuni mwa wengine! Basi mtoto achezaye pale alalapo mbwa atampata pia. Ukimwona funza kwa mbwa, tazama miguu ya watoto jioni ile ile.

Usimpake mbwa mafuta ya taa wala oili chafu. Kila unachompaka mguuni atakilamba, nacho kitaingia tumboni. Osha mguu kwa sabuni, ukaushe, umpeleke kwa bwana mifugo. Sakafu ya udongo inyunyizie maji kabla ya kufagia.

Sasa fungueni madaftari. Mbwa wa jirani analamba mguu mmoja tangu juzi. Utamwambia jirani atazame nini kwanza? Andikeni sentensi mbili.